Watoto wa Goma na uhuru wa kucheza nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mama wa watoto wanne na mwalimu wa shule ya msingi hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Jumamosi asubuhi ninatembea na watoto wa kartiye (mtaa) yetu: tunapanda vilima, tunashuka ziwani, tunarudi kabla jua halijakuwa kali. Kila wiki kuna mzazi anayenisimamisha njiani kuniuliza, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa.

## Tunapoanzia

Parsele (kiwanja cha nyumba) yangu ina ukuta na mlango wa chuma. Kwa nini nimwache mtoto atoke?

Kwa sababu siku ya taabu ukuta huo hautamsaidia. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano yetu, Nyiragongo, ilipofunguka, watu walitoka gizani wakielekea Sake na wengine Gisenyi, Rwanda, kila mmoja na godoro au mtoto mgongoni. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 wametenganishwa na familia zao. Tangu usiku ule ninajiuliza swali moja kuhusu kila mtoto wa darasa langu: akiachwa peke yake kwenye njiapanda, anajua kwao ni upande gani?

Mtoto anajifunza ardhi kwa miguu. Anayetoka kila siku anajua barabara inayopanda na inayoshuka, nyumba ya mama anayeuza makaa, bomba la maji, shimo ambalo wakubwa wanalikwepa. Aliyefungiwa hadi ana miaka kumi na mbili atatoka tu siku moja, na atatoka bila kujua lolote. Huyo ndiye ninayemwogopea zaidi.

Aanze kutoka peke yake akiwa na miaka mingapi?

Siangalii miaka, naangalia anachoweza. Aweze kutaja jina lake lote, majina ya baba na mama (nikisema majina nina maana ya majina, maana "Mama" na "Papa" si majina), avenyu, kartiye, na namba moja ya simu kwa kichwa. Aweze kurudi saa aliyoambiwa, mara kumi mfululizo, kwa safari fupi. Na aweze kuwakatalia wenzake wakimwambia "wewe mwoga". Hili la tatu linachelewa kuliko yote. Nina mwanafunzi wa miaka saba mwenye uwezo huo, na ninawafahamu vijana wa kumi na nne ambao bado.

Chini ya miaka mitano mtoto asitoke bila mkubwa, na ufuoni asifike kabisa bila mkono wa mtu mzima. Hapo sina mjadala.

Mipaka niiweke vipi ili aielewe?

Acha kumwambia "usiende mbali". Mbali ni wapi? Kwake mbali ni pale anapochoka. Mshike mkono, tembeeni hadi mwisho wa eneo lake, mwonyeshe kitu cha kushika kwa macho: "Mwisho wako ni mti huu wa avoka. Upande ule mwisho ni butiki ya rangi ya buluu. Barabara ya lami huvuki." Rudieni njia hiyo siku tatu, kisha yeye ndiye akuongoze na kukutajia alama.

Mpaka una mambo mengine matatu: saa, wenzake, na kile anachoendea. Uwanja ambao saa tisa mchana umejaa watoto na mama wauza sambaza (samaki wadogo), saa kumi na mbili jioni ni mahali pengine kabisa. Mtoto aliyeruhusiwa kwenda kucheza mpira hakuruhusiwa kwenda ziwani, hata kama ni karibu. Akibadili safari, kwanza arudi kuaga. Na mpaka wenyewe ukue: kila baada ya miezi michache uongeze mti mmoja mbele. Mtoto anayeona mpaka wake unasogea hana haraka ya kuuruka.

## Ardhi tunayokanyaga

Mtoto wangu anataka kukimbia bila viatu kwenye mawe ya volkano. Nimruhusu?

Hapana. Lava ikipoa inakuwa ngumu na kali kama chupa iliyovunjika. Mwaka 2002 iliingia katikati ya mji, ikafunika hata sehemu ya njia ya ndege, na juu ya ile ile tumejenga, tumelima maua, tumefungua viwanja vya mpira. Mwanangu wa pili aliteleza hapo akifuata mpira, goti likafunguka. Nililiosha kwa sabuni na maji mengi, lakini punje nyeusi zilibaki ndani, nikazitoa moja moja kwa pamba huku dada yake akimshika kichwa. Viatu vya plastiki vilivyofungwa vinatosha. Kidonda kikubwa au kirefu kiende senta ya afya, na uliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Hatari nyingine ni mashimo. Chini ya ganda la juu mara nyingi kuna uwazi, na ganda huvunjika. Watoto wasiingie kwenye pango lolote la lava, kwa sababu ya kuanguka na kwa sababu ya mazuku, ambayo ndiyo jibu linalofuata.

Mazuku ni nini hasa? Wengine wanasema ni uchawi.

Ni hewa. Ardhi yetu ina volkano chini yake, na kutoka kwenye nyufa inatoka gesi ya kabonidioksidi, ileile tunayoitoa tunapopumua, lakini kwa wingi wa kuua. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, hivyo haipandi: inatiririka na kujaa mahali pa chini kama maji yanavyojaa beseni. Huioni, na pua haikuonyi. Mahali pa namna hiyo panajulikana hasa upande wa magharibi wa mji, kuelekea Himbi, Keshero, Lac Vert, Bulengo na Mugunga.

Mtoto ana hatari kubwa kuliko wewe kwa sababu moja tu: ni mfupi. Mnaweza kusimama pamoja kwenye bonde dogo, kichwa chako kikawa kwenye hewa safi na chake kikawa ndani ya gesi. Anayeinama kuokota mpira anashusha pua yake mahali penye gesi nyingi. Gesi ikizidi asilimia kumi ya hewa, mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika moja au mbili tu.

Nitapatambuaje mahali penye mazuku?

Kwanza uliza wenyeji. Wanaochunga mbuzi na wanaolima pale wanajua kila shimo. Kabla ya kupeleka watoto kwenye kilima kipya mimi huenda kumsalimia shefu wa avenyu na kumwuliza. Pili, tazama chini. Asubuhi moja nikiwa na watoto tulipita kando ya bonde dogo lenye majani mabichi mazuri, na katikati alilala mbuzi kama amesinzia. Nilimwambia mkubwa wao asimame. Tulitazama kwa mbali: inzi waliokuwa wamemfuata walikuwa wamekufa wametapakaa kwenye manyoya yake, na panya mmoja kando. Hakuna sauti ya mdudu yeyote. Watoto wale hawajasahau hadi leo, na sikuhitaji kuwahubiria.

Tatu, angalia saa. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, gesi inajikusanya. Jua na upepo vikianza vinaitawanya kidogo. Kwa hiyo mabondeni watoto hawaendi asubuhi sana wala jioni, na hawalali chini kupumzika hata mchana.

Kuna wanaopima kwa kushusha moto kwenye fimbo ndefu. Moto ukizimika, ni kweli gesi ipo na imeshafika kiwango cha kuua. Ila usipozimika, usiseme pako salama: gesi inaweza kumdhuru mtoto kabla ya kuuzima moto. Usiwafundishe watoto mchezo huo.

Mtoto ameanguka kwenye shimo la mazuku. Nifanye nini?

Usishuke. Ninajua ninamwambia mzazi jambo gani, lakini anayeshuka kumfuata huanguka juu yake. Kuzuia pumzi hakutoshi, kwa sababu kubeba mtu kunakulazimisha uvute hewa. Piga kelele, lete kamba, fimbo ndefu yenye ndoano, chochote cha kumvuta kutoka juu. Akishatoka, mpeleke mahali pa juu penye upepo, mpulizie pumzi mdomoni ikiwa hapumui, na mwende hospitali hata akiamka na kusema ni mzima.

Wafundishe watoto neno moja: *juu*. Mwenzako akianguka, panda juu, kisha ita mtu mkubwa. Tunalifanyia mazoezi kama mchezo, na wanalipenda.

Nyiragongo ikitisha, mtoto aliye nje afanye nini?

Ajue rangi. Kituo cha kuchunguza volkano, OVG, kinatumia nne: kijani ni kawaida, njano ni kuwa macho, machungwa ni kujiandaa, nyekundu ni kuondoka. Mlima kung'aa usiku si rangi ya OVG. Kwa miaka mingi baada ya 2002 mwanga ule ulikuwepo na tukalala. Lakini tusitegemee rangi peke yake, maana mwaka 2021 lava ilitoka kabla ya onyo lolote kutufikia.

Kwa hiyo kila familia iwe na mahali pawili pa kukutana: pa kwanza ndani ya kartiye, pa pili nje ya mji, kwa ndugu au kanisani. Mtoto aliye nje akisikia watu wanakimbia, aende pa kwanza, asirudi nyumbani kutafuta kitu. Lava ya mjini mara nyingi inatembea kwa mwendo ambao mtu anaweza kuutangulia, ila inafuata mabonde na barabara, na huko juu mlimani mwaka 1977 ilishuka kwa kasi ya kutisha. Na asikanyage lava inayoonekana imekauka: mwaka 2021 kuna watu walifariki wakijaribu kuvuka ile iliyokuwa bado inapoa. Mkitengana, nendeni Msalaba Mwekundu. Wana kazi ya kuunganisha watoto na wazazi.

Tetemeko je?

Aliye nje abaki nje, mbali na kuta za mawe na nyaya za umeme. Basi.

## Ziwa

Tunasikia Ziwa Kivu lina gesi. Watoto waogelee?

Gesi nyingi ya ziwa, kabonidioksidi na methani, iko imefungiwa chini kabisa. Ziwa lina kina cha karibu mita 480. Mtoto anayeoga ufuoni haigusi. Mahali pa kuepuka ni pale mapovu yanapopanda kutoka chini, na vighuba vilivyozungukwa na kuta za mawe ambako hewa haitembei, kwa sababu ile ile ya mazuku.

Kinachoua watoto ziwani ni maji yenyewe. Ufuo wetu ni wa mawe ya lava: hatua mbili maji yako kwenye goti, ya tatu hakuna chini. Wanaoteleza mara nyingi hawakuja kuoga, wamekuja kuchota maji, wameinama na bidoni (dumu) inayojaa na kuvuta.

Basi nimfundishe nini kabla ya kumtuma maji?

Achote mahali ambapo watu wengi wanachota, asiende kwenye jiwe la peke yake. Bidoni iwe ya kimo chake: lita tano kwa mdogo, na ya lita ishirini ni ya wakubwa. Wawe wawili, mmoja anachota, mwingine amesimama nyuma kwenye ukavu.

Wajue pia kwamba bidoni tupu iliyofungwa vizuri inaelea na kumbeba mtu. Mwenzako akizama, mtupie bidoni, mnyooshee fimbo au kitenge, piga kelele. Usimrukie. Nimewafanyisha watoto zoezi hili ufuoni Kituku, wakubwa wakiwa majini, na nilishangaa jinsi bidoni ya njano inavyotulia juu ya wimbi.

Maji hayo hayanyweki yakiwa hivyo. Kipindupindu hakijawahi kututoka. Panapokuwa na mtu wa kutia klorini kwa sindano kwenye bidoni, mtoto apite kwake kila safari, na nyumbani msubiri nusu saa kabla ya kunywa.

## Barabara, radi na vitu vya vita

Ni hatari gani inayokutia hofu zaidi kila siku?

Barabara. Volkano inakuja mara moja kwa miaka mingi. Motari, dereva wa pikipiki, anapita kila dakika. Mtoto avuke pale anapoonwa, asiukimbilie mpira ukiingia njiani, na asidandie chukudu (baiskeli yetu ya mbao) yenye mzigo inayoteremka. Ninaipenda chukudu kama kila mtu wa Goma, ila ikiwa na magunia ya viazi mteremkoni, breki ni ile raba ya nyuma tu.

Mvua ikianza, wamalize mpira?

Wasimalize. Milima ya Kivu ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi kuliko zote duniani. Kabare, jirani na Bukavu, iko juu kabisa kwenye orodha ya Afrika. Ngurumo ya kwanza ikisikika, uwanja unaachwa, wanaingia nyumbani au ndani ya gari, si chini ya mti. Warudi nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Kocha anayekataa, ongea naye kwa heshima. Akiendelea kukataa, mtoe mtoto.

Ameokota kitu cha chuma asichokijua.

Baada ya mapigano ya Januari 2025 ndani ya mji, swali hili linanijia mara nyingi kuliko lingine lolote, na linaniuma. Masasi (risasi), gurunedi na bombu zisizolipuka zinaonekana kama vitu vya kuchezea, na watoto wanaouza vyuma vikuukuu wanazitafuta. Jibu ni moja kwa umri wote: usiguse, usirushie jiwe, simama, rudi kwa nyayo zako zile zile, mwambie mkubwa. Mkubwa aweke alama kwa mbali na awaarifu nyumbakumi na watu wa kutegua mabomu. Kibao chekundu chenye fuvu, hakuna kupita.

Kama tayari amekileta nyumbani, usimpige wala usimpigie kelele akiwa amekishika. Mwambie kwa sauti ya chini akiweke polepole, aje kwako, kisha tokeni wote kwenye parsele. Akijua atachapwa, cha pili atakificha chini ya kitanda.

Mbwa amemuuma, au amegusa mnyama aliyekufa.

Kuumwa: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata mkwaruzo ukiwa mdogo. Mnyama aliyekufa hagusiki kwa sababu mbili: huenda amelala kwenye mazuku, na nyani au popo anaweza kubeba ugonjwa. Ebola ilifika Goma mwaka 2019. Hatujasahau ndoo za kunawia kwenye kila mlango.

## Maswali magumu zaidi

Wasichana watoke sawa na wavulana?

Ndiyo. Msichana anayejua ardhi yake ana mahali pa kukimbilia. Ninachobadilisha ni kutotuma: asitumwe peke yake kuokota kuni porini, asitumwe maji gizani, na hili ni jukumu letu wakubwa kulipanga, si lake kulikwepa. Kubaliana naye nyumba tatu njiani ambazo anaweza kuingia bila kupiga hodi. Akidhuriwa, hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haifanyi kazi baada ya hapo. Hapa Goma Heal Africa wanapokea watoto waliofanyiwa ukatili. Na amwone mama yake anamwamini tangu neno la kwanza.

Binamu zake wanakuja vakansi (likizo) kutoka Kinshasa. Watembee pamoja?

Wiki ya kwanza, hapana, isipokuwa na mkubwa. Mgeni haoni hatari tunazoziona, na mwenyeji wa miaka kumi anapenda kumwonyesha mgeni kila kitu, hasa Lac Vert. Mpe mgeni mipaka upya, kwa miguu, kama ilivyoelezwa kwenye jibu la mipaka, hata akiwa na miaka kumi na tano. Anza na mbuzi wa mazuku: mwambie mwanao amsimulie.

Mtoto wangu hasikii. Je, abaki ndani?

Asibaki. Ila mambo tunayoyategemea sauti (honi ya pikipiki, ngurumo, watu wanaopiga kelele) kwake hayapo, kwa hiyo awe na mwenzake mmoja aliyekubali kazi hiyo na ishara za mkono walizozoea: *simama*, *panda juu*, *nyumbani sasa*. Watoto wa kundi letu wote wamejifunza hizo tatu, na sasa wanazitumia hata wao kwa wao. Namba ya simu ishonwe ndani ya kola ya shati.

Naweza kuwapeleka Virunga?

Kuona sokwe wa milimani, hifadhi inataka umri wa miaka 15 na zaidi. Kabla ya hapo, na nje ya ziara zinazoongozwa na walinzi, msiingie. Usalama wa barabara unabadilika, uulize wiki hiyo hiyo. Mlima Goma, kando ya bandari, unatosha kwa mdogo: kutoka juu anaona ziwa, Gisenyi na Nyiragongo kwa mara moja, na anaweza kukuonyesha kwa kidole paa la kwenu.

Tangu 2021 mwanangu anaogopa kutoka. Nimlazimishe?

Usimlazimishe, na usimwache pia. Anza mlangoni. Mketi nje ya parsele jioni mkitazama watu, wiki nzima kama ni lazima. Kisha hadi mti wa kwanza, ukiwa naye, na yeye ndiye aseme lini mnarudi. Msichana mmoja wa darasa langu alichukua miezi minne kufika uwanjani. Alikuwa akiutazama mlima kila baada ya hatua chache, na nilimwacha autazame. Siku aliyofika alikaa kwenye jiwe akishika viatu vyake mkononi, nikamwambia avivae, akavivaa, akaingia kucheza.